Shangazi, nimtoze dada yangu kodi?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi umeme. Miaka kumi na moja nimefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki huku Mwanza. Mkataba umekwisha mwezi wa sita, sasa nataka kurudi Dar es Salaam na mke wangu na watoto wetu watatu. Nina nyumba Mbagala: vyumba vitatu na sebule, fremu moja mbele, chumba kimoja uani. Kiwanja alinipa marehemu baba, nyumba nimejenga mwenyewe, tofali kwa tofali.

Mwaka 2017 dada yangu mkubwa aliachika. Alipewa talaka ya karatasi asubuhi, jioni alikuwa kwangu na watoto wawili, godoro, cherehani na madumu ya maji. Nilimwambia, "Dada, ingia, hapa ni kwako." Sikumtajia kodi wala siku ya kuondoka. Leo ni miaka minane. Fremu ameifanya ya kushonea. Chumba cha uani amempangisha kijana wa bodaboda kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, mwaka wa pili huu, na hela hiyo anakula yeye. Sebuleni ameweka vigae, uani ameweka simtanki la lita 1,000, yote bila kuniuliza. Nilipompigia kumwambia tunarudi, alijibu: "Nyumba hii nimeitunza mimi, kodi ya jengo nalipa mimi. Mnakuja kama nani?"

Mke wangu anasema nyumba yetu imekuwa ya wifi yake. Mama anasema dada akilala nje, na yeye amelala nje. Jirani mmoja ameniambia mtu akikaa miaka 12 kwenye nyumba inakuwa yake kisheria, kwa hiyo imebaki minne. Sikatai kwamba dada alinilipia ada ya chuo cha ufundi cha VETA kwa cherehani hiyo hiyo. Lakini na mimi nina watoto.

Mtalaka wake yuko Kivule na mke mwingine, kwenye nyumba waliyojenga na dada tangu 2006. Dada anasema cha yule mwanamume hakitaki, amemwachia Mungu.

Shangazi, nimtoze kodi, au nimtoe?

Kaka Mtu, Mwanza

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimekaa nayo siku tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama karani, kwa sababu miaka mingi ya maisha yangu nilikuwa nyuma ya meza ya karani kwenye mahakama ya mwanzo, napokea mafaili ya watu waliokula sahani moja. Mara ya pili niliisoma kama dada aliyerudi. Nitakueleza mbele.

Tuanze na jirani yako, maana huyo ndiye anayekukosesha usingizi. Ile miaka 12 ipo, iko kwenye Sheria ya Ukomo, ndio muda wa kudai ardhi mahakamani. Ila haimfanyi mgeni kuwa mwenye nyumba. Mtu uliyemkaribisha kwa mdomo wako, "ingia, hapa ni kwako", ni mwalikwa. Mahakama ya Rufani imekwisha kulisema hili zaidi ya mara moja, tena katika kesi za ndugu: mwalikwa hamgeuki aliyemwalika, hata akae miaka mingapi, hata akajenga, hata akalipia ardhi kwa jina lake. Basi lala. Na hiyo kodi ya jengo anayokutajia dada yako, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikapanda hadi 1,500. Ukijumlisha yote tangu ilipoanza haijafika laki moja. Wapangaji wa Dar es Salaam nzima wanakatwa kodi hiyo kila mwezi wanaponunua umeme na hakuna hata mmoja aliyepata nyumba kwa njia hiyo. Ingekuwa hivyo, na mimi ningekuwa na mbili.

Ila kuna sentensi umeipitisha mbio. "Kiwanja alinipa marehemu baba." Alikupa vipi? Kuna karatasi? Alikukabidhi akiwa hai, mbele ya nani? Kama baba yako aliwaita wazee, akakuonyesha mipaka, ukaanza kuchimba msingi yeye akiangalia, hiyo ni hiba, zawadi ya mtu akiwa hai, na imekamilika. Mama yako na yeyote aliyekuwepo ni mashahidi wako, na nakushauri uandike maneno yao wangali hai, mhuri wa serikali ya mtaa ukae chini yake. Lakini kama alisema tu kwenye mkeka baada ya futari kwamba "kile kiwanja cha Mbagala atajenga mwanangu", kisha akafa, na mirathi haijafunguliwa, basi kiwanja hicho kina wenyewe wengi kuliko unavyodhani. Kwa mirathi ya Kiislamu, mama yako ana thumuni yake, moja ya nane. Dada yako ana fungu lake, nusu ya lako. Hapo si mgeni tena, ni mrithi aliyekaa kwenye mali ya baba yake, na swali la kumtoza kodi linakufa palepale. Dada yako hajalisema hilo mpaka leo. Siwezi kukusaidia kulificha, kwa kuwa gazeti hili linauzwa Mbagala pia.

Sasa nikwambie lililonifanya nikae na barua siku tatu.

Mwaka 1991 mimi niliachika. Nilirudi Tanga, kwa kaka yangu, Ngamiani, nikapewa chumba cha uani chenye dirisha la kuangalia choo. Kaka hakunitajia kodi hata siku moja. Alikuwa mtu mwema sana, na wema wake ndio ulionimaliza. Nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri nifagie uwanja, mtu asije akasema amefagia yeye. Nilijifunza kukohoa kabla ya kuingia jikoni. Nikipika chapati nahesabu unga, kisha nakula mwisho, nasema sina njaa. Wifi yangu hakuwahi kunitolea neno baya, lakini alikuwa na namna yake ya kutikisa gunia la mkaa ajue limebaki kiasi gani, na mimi nilikuwa naisikia sauti ile hata usingizini. Mtu anayekaa bure anakaa kama amekalia kigoda cha miguu miwili, nguvu zake zote zinaishia kwenye kutoanguka.

Ndiyo maana niliposoma habari ya vigae nilicheka peke yangu. Wewe umeviona kama dharau: dada amejimilikisha. Mimi nimeona mtu anayelipa. Hakuna aliyemwambia alipe kiasi gani, wala kwa nani, wala mpaka lini, basi ameamua bei mwenyewe na ameilipa kwa vigae na simtanki. Fanya hesabu. Chumba cha uani kwa 50,000, miaka miwili, ni shilingi 1,200,000. Vigae vya sebule na fundi, tangi la lita 1,000, kinara chake, pampu na mabomba: nenda dukani kaulize bei ndipo useme hela ile "anakula yeye". Nadhani amekula kidogo sana. Kosa lake ni kupangisha chumba kisicho chake bila kukwambia, na hilo mwambie wazi, usilimeze. Lakini jibu lake la "mnakuja kama nani" si la mwizi, ni la mtu aliyeogopa simu hiyo kwa miaka minane.

Kodi usimtoze. Sisemi hivyo kwa sababu ya ada ya VETA, ingawa umefanya vizuri kuitaja mwenyewe kabla sijaisikia kwingine. Nasema hivyo kwa sababu mdaiwa wa kodi hiyo siye. Yuko Kivule.

Nifuate hapa polepole. Dada yako alitolewa siku ileile aliyopewa karatasi. Sura ya Talaka ndani ya Kurani inakataza mwanamke wa edda, aliye kwenye muda wa kungoja baada ya talaka, kutolewa nyumbani, kwa hiyo miezi ya kwanza aliyokaa kwako, shemeji yako ndiye aliyekuwa akikaa bure mgongoni mwako. Kisha watoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inapotaja wajibu wa baba kwa watoto wake haitaji chakula, nguo na ada peke yake, inataja na mahali pa kulala, wawe wanakaa naye au wanakaa na mwingine. Miaka minane wanawe wawili wamelala chini ya bati lako. Umewahi kumpigia hata simu moja? Unakosana na dada yako juu ya elfu hamsini za bodaboda, na mwenye deni anapaka nyumba rangi.

Halafu nyumba yenyewe ya Kivule. Umesema waliijenga wote. Sheria hiyo hiyo ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za wote wawili. Na mtu asikwambie dada yako alikuwa "mama wa nyumbani tu". Tangu mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika kuchuma mali. (Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na kitu siku ile, kwa sababu nyingine za kesi yake. Alifungua mlango, wakapita wengine. Tulikuwa tukilizungumza sana hilo pale ofisini.) Na dada yako hata hakuwa wa kupika tu, ana cherehani. Nani alinunua tripu za mchanga? Nani alilipa bati? Kama alikuwa kwenye kikoba, daftari lake la kikoba lina tarehe alizokopa na alichosema anakopea. Mafundi na majirani wa Kivule wanakumbuka nani alikuwa akiwapelekea chai na hela ya siku. Asitarajie nusu kwa nusu kama kukata andazi, mahakama inaangalia nani alitia nini, madeni, na mahitaji ya watoto wadogo. Lakini hawezi kurudi mikono mitupu asipotaka mwenyewe.

Utauliza, miaka minane baadaye? Hapa ukarani wangu unasaidia. Umesema "talaka ya karatasi". Karatasi ile kwa dini imemaliza kazi yake, lakini mahakama haijatamka kitu. Ili sheria ya nchi iihesabu ndoa ile kuwa imevunjika na mali igawanywe, wapite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa (BAKWATA wanalo, na kwenye kata lipo), baraza likishindwa litoe hati, kisha dada yako afungue shauri, mahakama ya mwanzo inatosha. Nimewaona wengi waliokaa na karatasi ndani ya begi la vitenge wakidhani wamemaliza kila kitu. Upande wa pili watasema amechelewa, waache waseme, lakini asiongeze hata mwezi. Kama anaogopa meza za mahakama, Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, wanatoa msaada wa kisheria. Aende na ile karatasi, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto.

"Nimemwachia Mungu." Nimeandika sentensi hiyo kwenye mafaili mara nyingi hata kalamu ilikuwa ikijua njia. Mara nyingi maana yake ni kwamba sina nauli, sina wa kusimama nami, na nikishindwa watanicheka. Wewe ni kaka. Simama. Mpe nauli ya Kivule, keti naye barazani siku ya shauri. Hilo litakugharimu kidogo kuliko kesi kati yenu wawili.

Na kesi kati yenu, iwapo mtafikishana huko, ijue njia yake isije ikakushangaza. Huwezi kumtolea vyombo nje wala kung'oa mlango, hata kama nyumba ni yako bila shaka yoyote. Unampa notisi ya maandishi yenye muda wa haki. Akikataa, mnakwenda Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 halitoi hukumu tena, kazi yake ni kuwapatanisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30 ndipo unafungua Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko utakaa. Nimeona mafaili ya nyumba za vyumba vitatu yaliyonenepa kuliko Kurani na Biblia zikiwekwa pamoja, na wakati huo wote mama yenu anawapikia nani Idi?

Mimi ningefanya hivi. Panda basi uje peke yako, mkeo na watoto wabaki Mwanza kwanza wiki mbili, na usifikie kwa dada. Fikia kwa mama. Siku ya pili nenda Mbagala mchana, mkute kwenye fremu yake anashona, mwambie, "Dada, vigae vimependeza." Usicheke, sema hivyo hivyo. Kisha kaeni na mama na mtu mzima mmoja asiye na mdomo mrefu, muandike. Kwamba nyumba ni ya nani, kama ile habari ya hiba ni ya kweli. Kwamba wewe na familia yako mnaingia vyumba viwili tarehe fulani, yeye na wanawe wanabaki na kimoja. Kwamba kijana wa bodaboda anamaliza miezi aliyokwisha lipia kisha chumba cha uani kinahamia kwa watoto wa dada, maana vyumba vitatu kwa watu wanane havitoshi na wewe unajua. Kwamba fremu anaendelea nayo, bila kodi, mpaka shauri la Kivule liishe au mpaka mwisho wa mwaka kesho, lipi litakalotangulia. Tarehe iandikwe. LUKU mgawane, usimwachie na hilo. Na vigae na simtanki viandikwe bei, siku akiondoka umrudishie kitu, kwa kuwa vigae havibebeki.

Tarehe itamuuma. Na mimi iliniuma. Mwezi wa kumi na nne wa kukaa Ngamiani, kaka yangu aliniita barazani, akanimiminia kahawa, akasema, "Dada, chumba ni chako mpaka Maulidi. Baada ya Maulidi nitakulipia miezi mitatu ya chumba popote utakapopata." Nililia usiku kucha, nikamwita majina. Asubuhi niliamka jua limechomoza. Sikufagia. Nilikwenda jikoni bila kukohoa, nikajimiminia chai, nikatia sukari vijiko vitatu mbele ya wifi yangu, kwa kuwa sasa nilijua nakaa mpaka lini na kwa idhini ya nani.

Mkeo naye mwambie hivi kutoka kwangu: huyo wifi anayemsema ndiye shangazi wa watoto wake. Siku yakimkuta yeye, Mungu amwepushe, ataomba wanawe wawe na shangazi mwenye cherehani na mlango.

Niandikie baada ya kikao. Nataka kujua alisema nini uliposifu vigae.

Barua mbili fupi

Shangazi, kesi yetu ya talaka iko mahakamani. Mimi niko na watoto kwenye nyumba tuliyojenga, yeye amehamia kwingine. Sasa anasema hawezi kunilaza bure, anataka kubadilisha vitasa apangishe. Hati ina jina lake peke yake. Mama Wawili, Morogoro.

Hukai bure, unakaa nyumbani kwako. Nyumba ya ndoa haiuzwi, haipangishwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzio, hata kama jina kwenye hati ni moja; kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa. Kwa kuwa hati ipo, nenda kaweke pingamizi kwa Msajili wa Hati, na uiombe mahakama hiyo hiyo yenye kesi yenu imzuie mpaka hukumu. Fanya wiki hii, usimsubiri fundi vitasa.

Shangazi, mwanangu wa kiume ana miaka 41. Aliachana na mkewe, amerudi kwangu mwaka wa tatu huu. Ana kazi. Hachangii kitu ila vocha ya simu mara moja moja. Nikimwambia atafute chumba, anasema mama humpendi mwanao. Watu wanasema mama hamtozi mtoto kodi. Mama Mkubwa, Moshi.

Hao watu wanalipa umeme wako? Kodi usimtoze, sawa. Mwambie tangu tarehe moja LUKU ni yake peke yake, kisha kaa kimya, uwashe na friji. Baada ya mwezi niandikie kama bado anapiga pasi mashati saba kwa mkupuo.